Shahidi wa Zombo

Wasifu wa kwanza wa mjukuu wangu Jackline ulikuwa karatasi moja na mistari michache ya karatasi ya pili. Hiyo mistari ya karatasi ya pili ilikuwa majina ya watu wa kuulizwa habari zake. Wao wanauita sivii. Ulikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, kwa hiyo jioni ile alivuta kigoda mlangoni akawa ananisomea na kunifasiria huku mimi napepeta mchele.

"Hapa nasema mimi ni mchapakazi. Ninajituma. Ninaweza kufanya kazi na watu wa kila aina, na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo."

"Shinikizo ndiyo nini?"

"Kubanwa, bibi. Kazi nyingi, muda mchache."

"Na wenzako uliosoma nao wameandikaje?"

Akacheka kwa pua. "Hivyo hivyo. Wote tulipewa mfano mmoja chuoni."

"Sasa huyo anayepokea atajuaje kuwa huyu ni Jackline wangu na yule ni mtoto wa mtu mwingine?"

Aliikunja karatasi, akaikunjua, akaitazama tena kama vile labda kuna kitu kimeongezeka.

Alikuwa na digrii ya ustawi wa jamii, na tangu aliporudi nayo hapa Kilosa alikuwa ametuma maombi mpaka mwenye duka la vocha akawa anamuuliza, "Leo wapi tena, dada?" Majibu hayakuwa yakija. Si kwamba walikataa. Mtu akikukataa unajua. Wao walinyamaza tu. Mama yake mdogo, Marciana, ana banda la chakula Dumila pale njiapanda, anauzia abiria wa mabasi ya Dodoma, na alikuwa ameshasema maneno yake. "Mama, mwache ahangaike na hii ya Mikumi. Mikumi wakinyamaza nao, aje ashike mwiko. Mimi mgongo umekwisha." Jackline alikubali. Alikubali kama mtu anavyokubali sindano.

Hii ya Mikumi ilikuwa kazi yake hasa. Kuna kituo pale kinachofuatilia watoto walioacha shule katika vijiji vya kando ya barabara, kuwajua walipo, kuongea na wazazi, kuwarudisha. Walitaka mtu mmoja. Tangazo lilisema awe na uzoefu.

"Zombo mbona huisomi?" nikamuuliza.

"Imo. Hii hapa. Mafunzo kwa vitendo, ofisi ya kata, Zombo."

"Umeandika mahali ulipokaa. Ulichofanya kiko wapi?"

"Bibi, kile hakiandikiki."

Basi nikaweka ungo chini, maana mchele ulikuwa umeshakuwa safi na nilikuwa napepeta hewa.

Alichofanya Zombo ni hiki. Kulikuwa na mfugaji wa Kisukuma anaitwa Malimi, na mkulima wa palepale, Thadeo. Ng'ombe wa Malimi waliingia mpunga wa Thadeo ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Wakala, wakakanyaga, wakalala humo. Kesi ikafika kwa mtendaji, Malimi akatoa fidia, watu wakapeana mikono, ikaisha. Ila moyoni mwa Thadeo haikuisha. Watoto wa Malimi wakienda shule njia yao inakata uwanjani kwake, kati ya jiko na kihenge. Siku moja wakakuta miiba imepangwa. Hakuna aliyewaambia wasipite. Njia nyingine ni ya kuvuka mto kwa chini, na masika ule mto haumjui mtoto wa mtu. Wakabaki nyumbani kuchunga ndama.

Jackline hakumwita Thadeo ofisini, na hakwenda kumsomea haki za mtoto. Alikuwa akienda kwa Malimi kungali na umande, anawachukua watoto, anawapanga kwa urefu wao, anakwenda kusimama nao nyuma ya miiba. Thadeo anakunywa uji barazani. "Shikamoo babu," wanasema. Kimya. Wanageuka, wanarudi. Kesho tena, shikamoo babu. Kimya.

Nanyi mnajua. Unaweza kumnyima mtu maji, unaweza kumfikisha mahakamani, lakini shikamoo ya mtoto haiachwi ikining'inia. Ukiiacha, aibu ni yako, na mkeo anaiona, na jirani anayepita na jembe anaiona. Thadeo alikaza shingo siku nyingi. Halafu asubuhi moja yule mdogo kabisa, aliyekuwa na kikohozi, akabaki nyuma ya wenzake, akaamkia peke yake, na sauti ikakatikia katikati. Thadeo akasema marahaba. Ilimtoka tu. Na ukishamwitikia mtoto huwezi tena kumwacha amesimama nyuma ya miiba kama mbuzi. Aliinuka akaivuta miiba pembeni, akasema anasafisha uwanja, umechafuka. Jackline akamshukuru kwa kusafisha uwanja. Watoto wakapita. Tangu siku hiyo walikuwa wakipita.

"Hiyo ndiyo kazi," nikamwambia. "Iandike."

"Sivii haiandikwi hadithi, bibi. Ni vipengele, vifupi vifupi."

"Basi na hicho kiwe kipengele kirefu."

Alikataa siku mbili tatu. Kisha nikamwona anaandika kwa penseli, anafuta, anaandika. Hakumtaja Thadeo, hakumtaja Malimi. Aliandika mzee mmoja, na familia moja ya wafugaji. Alipomaliza alinisomea, na kwa mara ya kwanza nikasikia karatasi ile ikiongea kwa sauti ya mjukuu wangu.

Tukaenda kuichapisha kwa Cosmas, mwenye steshenari karibu na stendi. Ni chumba chembamba, pazia la bluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, na printa ameivisha kitambaa kilichofumwa kama kiti cha bi harusi. Cosmas anachapa kwa vidole viwili, lakini mbio, kama kuku anayedonoa. Alipofika kwenye habari ya Zombo vidole vikasimama.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Zombo."

"Hii kali! Wenzako wote wanaleta mchapakazi, mchapakazi, sasa hivi kompyuta ikiona mtu anaingia inajiandikia yenyewe." Akanigeukia. "Bibi, una mjukuu wewe."

"Ninaye," nikasema, nikajivuta kanga begani.

Jackline alitoa flashi yake ili ahifadhi. Cosmas akaishika kwa ncha za vidole. "Hii si ndiyo ile ya virusi? Humu haiingii. Nitakuwekea kwenye mashine, ukihitaji siku yoyote, ipo." Jackline akashukuru. Nami nikashukuru.

Na Mikumi hawakunyamaza. Walipiga simu. Jackline alikuwa anafua. Alipokea kwa kidole kimoja, mapovu mpaka kiwikoni, na alivyokuwa akisema "ndiyo mama, ndiyo mama, nitafika" sauti ilikuwa ya mtoto aliyepewa kiatu kipya. Siku ile hata Marciana alipopiga kutoka Dumila alisema, "Haya bwana, labda Mungu ameamka."

Nilimsindikiza. Alivaa blauzi nyeupe, na ile barabara vumbi lake lina njaa na kitu cheupe, kwa hiyo alihitajika mtu wa kumfunika kanga njiani na kumshikia mkoba. Tulifika mapema. Ofisi yao ni nyumba ya kawaida tu, ukumbi mdogo, madirisha ya nyavu, benchi nje ukutani. Nilimfungua ile kanga, nikamfuta vumbi lililoingia kwenye nyusi, akakaa. Vijana wengine walikuwa wameshakaa, kila mmoja na bahasha yake ya kaki.

Kijana wa karibu yangu alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda. Nilidhani anasali. Nikatega sikio ili niitikie amina.

"...kulikuwa na mzee mmoja," alikuwa akisema polepole, "ambaye aliwazuia watoto wa wafugaji kupita. Mimi nikawachukua wale watoto, nikawapanga, kila asubuhi wakawa wanamwamkia..."

Nikamtazama Jackline. Alikuwa amesikia.

"Mwanangu," nikamwambia yule kijana, "na wewe ulikaa Zombo?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Zombo ulikaa?"

"Hapana, bibi, Zombo sijawahi kushuka, napita tu." Akacheka, meno mazuri. "Hii nimetengenezewa kwa Cosmas, pale Kilosa stendi. Anayo moja kali hatari. Anatoa jina la mwenyewe, anaweka lako."

Msichana wa upande wa pili akainua kichwa. "Ya mzee wa shikamoo?"

"Na wewe?"

"Jamani! Mimi aliniambia hajampa mtu."

Wakacheka wote wawili, wakapigana mikono, kama watu waliokutana harusini wamevaa kitenge kimoja. Sikuwachukia. Kwetu mtu akiona gauni zuri kanisani, Jumatatu yuko kwa fundi: nishonee kama lile la Mama Fulani. Fundi haulizi ruhusa, na Mama Fulani akikuona nalo anasema limekukaa. Cosmas kaifanya karatasi kama fundi anavyofanya gauni.

"Twende nyumbani," Jackline akaninong'oneza.

"Ingia kwanza. Wewe unayo yenyewe."

Nilimwambia hivyo. Niliamini kuwa kitu chenyewe kikisimama karibu na kivuli chake, watu wenye macho wataona.

Yule kijana aliitwa kwanza. Akafuata msichana. Jackline aliingia baadaye, na mimi nikasogea mwisho wa benchi, chini ya dirisha. Ndani walikuwa mama mmoja anayeitwa Perpetua, ndiye mkubwa wao, na wanaume wawili. Walimuuliza jina, chuo, kama anaweza kupanda pikipiki. Kisha karatasi zikageuzwa.

"Na wewe ulikuwa Zombo," akasema Mama Perpetua.

"Ndiyo, mama."

Mwanaume mmoja akaangua kicheko. "Huyu mzee kaamkiwa mwaka huu! Hata mkuu wa wilaya haamkiwi hivi."

"Ni mimi niliyefanya," Jackline akasema.

"Kila mmoja ameniambia ni yeye, binti yangu." Sauti ya yule mama haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililonitisha. "Wa kwanza aliposimulia nilitoa leso. Wa pili nikakunja uso. Sasa wewe unataka nilie tena?"

"Niulizeni chochote cha pale."

"Haya. Mzee alikuwa anakunywa nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

Jackline akawa anaitafuta asubuhi ile. Namjua, alikuwa anakumbuka kweli. "Wa mtama. Nadhani wa mtama. Nilikuwa mbali, nyuma ya miiba."

"Mwenzako wa kwanza alisema ulezi," yule mwanaume akasema, "na yeye hakusema nadhani."

Wakacheka tena, si kwa ubaya. Mimi nilishika ukingo wa benchi.

Mama Perpetua akawanyamazisha. "Sikiliza. Ninyi wenye habari hii wote ningewaweka pembeni, nimchukue asiye nayo. Yupo, kaandika mchapakazi, hana jingine, lakini angalau ni lake. Ila wewe umeniangalia usoni. Kwa hiyo niletee mtu mmoja wa Zombo. Mmoja tu, niongee naye, hata kwa simu, aniambie huyu binti alifanya hiki. Leo kabla hatujafunga."

Jackline alitoka mbio, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wenye taa.

Alianza na simu palepale. Mtendaji aliyekuwapo wakati ule amehamishwa, namba yake haipatikani. Mwalimu mkuu alipokea, lakini shule zilikuwa zimefungwa na yeye yuko kwao Same. "Watoto wa Malimi? Ndiyo, walirudi darasani, nakumbuka. Nilidhani baba yao amelegea mwenyewe, akawaruhusu. Wewe nilikuona unapita nao pita nao asubuhi, nikajua mnafahamiana." Jackline akamuuliza kama anaweza kusema ni yeye aliyewarudisha. "Sasa dada, nitasema nisichokiona?" Mtu mwema, mwalimu yule. Ndiyo shida yake.

Malimi hakuwa na simu tunayoijua. Basi tukapanda gari la kurudi, tushuke Zombo.

Njiani alimpigia Cosmas. Aliweka sauti kubwa kwa sababu ya mngurumo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Cosmas, umewapa watu sivii yangu."

"Siyo yako, dada, yako nimekutunzia, jina lako limo. Zao zina majina yao."

"Lakini habari ni yangu!"

"Si ndiyo sampuli! Watu wanakuja, nipe ile kali. Kali ni yako. Nimpe ipi, ile ya mchapakazi?" Kisha akauliza kwa furaha ya kweli, "Enhe, vipi, umepata?"

Jackline akakata. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, kikawa kinagonga gonga kila shimo, naye hakukitoa.

Zombo tulishuka jua likiwa limeanza kulala upande. Tulichukua bodaboda mpaka inapoishia njia ya kupitika, kisha tukatembea. Tulianzia kwa Malimi. Zizi lilikuwepo, miti imelegea, samadi imekauka na kuota mchicha. Nyumba haina mlango. Mwanamke aliyekuwa akichuma ule mchicha akatuambia wamehama, malisho yalikuwa mabaya, wameswaga ng'ombe kuelekea Malinyi.

"Na watoto?" Jackline akauliza.

"Nao. Wangebaki na nani?"

"Walikuwa wanasoma."

"Walikuwa," akasema yule mwanamke, akaendelea kuchuma.

Akabaki Thadeo. Njia ile ile tukaifuata, mpaka uwanjani kwake, kati ya jiko na kihenge. Uwanja umefagiwa, hakuna mwiba. Yeye na mkewe, Mama Gabrieli, walikuwa wanapukuchua mahindi juu ya turubai. Alipomwona Jackline alisimama kabisa, magunzi yakamwanguka mapajani.

"Huyu si binti yetu wa ofisi? Karibuni, karibuni! Mama Gabrieli, lete kiti cha bibi, acha hicho chenye mguu mbovu."

Tuliamkiana vizuri, tukapewa maji, tukapewa muhogo wa kuchemsha na chumvi pembeni. Aliuliza habari za Kilosa na za treni mpya, kama kweli inapita bila moshi. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mvi za kidevuni. Nilikula muhogo wangu nikafikiri, tumefika.

Jackline akamweleza. Alieleza kwa adabu, kwa kuzunguka, kwamba anatafuta kazi ya watoto kule Mikumi, na wakubwa wa kule wanataka mtu wa hapa anayemjua kwa kazi.

"Hilo tu? Piga. Nitasema nakujua. Binti mwenye heshima, hapiti bila kuamkia."

"Asante, baba. Na watauliza nilifanya nini hapa."

"Ulikuwa unapita na watoto wa yule Msukuma, unawapeleka shule."

"Watauliza kwa nini nilikuwa napita nao."

Thadeo akachukua hindi. Akalipukuchua mstari mmoja kwa dole gumba, akaupukusa kwenye turubai. "Kwa nini? Si ulipenda mwenyewe."

Mama Gabrieli alikuwa ameacha kupukuchua. "Baba Gabrieli," akasema polepole, "ile asubuhi ya miiba..."

"Miiba ipi?"

"Ile."

"Niliweka miiba kuzuia mbuzi." Akainua macho, na hayakuwa kwa mkewe, yalikuwa kwangu, mtu mzima mwenzake. "Bibi, mimi sijawahi kumzuia mtoto wa mtu njia. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Niseme kwa simu, kwa watu wa ofisi nisiowajua, kwamba mimi ni mtu wa kuwafungia watoto njia ya shule?"

Nikamtazama, nikaelewa. Ile habari yote ilisimama kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia umekosa. Aliachiwa mlango wa kutokea, akatoka nao, akaufunga nyuma yake, na kwa miaka hii amekuwa mtu ambaye hakufanya. Alikuwa haongopi hata. Alikuwa ameshakuwa huyo.

Hata hivyo nilifungua mdomo. Mjukuu wangu alikuwa amekaa pale na blauzi nyeupe iliyogeuka rangi ya barabara, na mtu aliyeweza kumsaidia yuko mbele yake na hindi mkononi. Nilitaka kusema, Baba Gabrieli, aibu ya dakika moja kwenye simu haikuui. Jackline akaniwekea mkono gotini. Aliubonyeza.

"Ni kweli, baba," akamwambia. "Ilikuwa mbuzi."

Thadeo akapumua. "Basi piga, niseme."

Jackline akapiga, akampa simu. Mama Perpetua alipokea upesi, alikuwa anasubiri. Thadeo akaongea kwa sauti ya juu, kama watu wanavyofanya wakiamini Mikumi ni mbali. Ndiyo, anamjua. Ndiyo, alikaa hapa. Binti wa heshima sana, sana. Kisha akasikiliza, na uso wake ukajifunga.

"Mgogoro? Mgogoro upi, mama? Hapa kwetu hatuna mgogoro."

Akasikiliza tena.

"Hapana. Mzee huyo simjui."

Akamrudishia Jackline simu haraka, kama kitu chenye moto, dole gumba likabonyeza sauti kubwa, akainama kutafuta magunzi.

"Umesikia mwenyewe," ilisema sauti ya Mama Perpetua. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka na ambaye alikuwa ametaka kuamini.

"Nimesikia, mama."

"Unataka kuniambia kitu?"

Jackline aliinuka akasogea mpaka kwenye kihenge, lakini uwanja ni mdogo. Angeweza kusema, mama, ni huyu huyu uliyeongea naye, anaona aibu. Sentensi moja tu. Niliiona imemfika mdomoni. Thadeo naye nadhani aliiona, maana mikono ilikuwa imesimama.

"Hapana," akasema Jackline. "Ila naomba, hiyo habari ya Zombo muiondoe kwenye karatasi yangu."

"Nikiiondoa, dada, hapo kwenye uzoefu panabaki nini?"

"Hapabaki kitu."

Yule mama akageuza karatasi, nikazisikia. Kisha akamshukuru kwa kuja, akamtakia kila la heri. Simu ikakatika.

Thadeo alitufungia mahindi kwenye mfuko, makavu, mazuri, akataka kabisa kutusindikiza. Akauliza kama kazi itapatikana sasa. Jackline akamwambia wataangalia. "Nimekusemea vizuri," akasema Thadeo. "Umenisemea vizuri, baba," akajibu. Mama Gabrieli hakutoka nje kutuaga. Aliingia jikoni na hakukuwa na moto.

Tulipofika kwenye bodaboda, Jackline akampigia Marciana. Sikusikia ya upande wa pili. Alisema tu, "Ndiyo, mama mdogo," na "kesho kutwa," na "hapana, aproni ninayo."

Nilimpa kanga ajifunike, akasema haina haja, blauzi imeshachafuka. Nikapanda katikati, yeye nyuma yangu, mfuko wa mahindi mapajani mwangu. Kijana wa bodaboda alitutazama kwenye kioo chake mara mbili, kisha akapunguza mwendo, akauliza kwa heshima, "Poleni, bibi. Mmetoka kuzika?"

"Hapana," Jackline akamjibu. "Endesha taratibu hapo kwenye makorongo. Bibi hapendi kurushwa."